Matokeo ya wagonjwa kwa WhatsApp na Drive: kinachovuja hasa ni nini?

"Tuna kituo cha uchunguzi mjini Mombasa: eksirei, altrasaundi, maabara, na tangu mwaka jana mashine ya CT, ile inayopiga picha za mwili kipande kwa kipande. Tuko wafanyakazi tisa. Ripoti tunawatumia madaktari na wagonjwa kwa WhatsApp, kampuni za bima kwa Gmail ya kawaida, na picha za CT zinazohitaji maoni ya pili tunazipandisha Google Drive kisha tunamtumia linki daktari bingwa aliyeko Chennai, India. PDF zote tunazifunga kwa tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa. Mwezi uliopita ripoti ya mama mmoja ilikwenda kwa mtu mwingine mwenye jina kama lake. Sasa bima mojawapo inatudai tuoneshe 'mfumo salama wa kushirikiana faili' kabla ya kuendelea na mkataba. Wauzaji wawili wametuletea mifumo ya bei ya juu, na mmoja anasisitiza kwamba wake umeidhinishwa kwa HIPAA. Lakini si WhatsApp imesimbwa tayari? Na nywila ya PDF haitoshi? Tununue nini, kama kuna haja ya kununua?"

Umeuliza kuhusu kununua mfumo, ila katikati ya barua yako kuna jambo lisiloweza kungoja mfumo wowote: ripoti ya yule mama. Nianze nalo.

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, taarifa za afya ni data nyeti. Zikifika mikononi mwa asiyestahili, na pakawa na hatari ya kweli ya kumdhuru mwenyewe, kituo kinatakiwa kimjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu kilipojua, na kimjulishe mgonjwa pia kwa maandishi. Saa hizo zimeshapita kwenu. Kuchelewa hakufuti wajibu. Sheria yenyewe inasema taarifa iliyochelewa iambatane na sababu za kuchelewa. Kwa hiyo kaeni wiki hii muandike ukurasa mmoja: ripoti ilitumwa lini, na nani, kwa namba ya nani, ilikuwa na nini ndani, iligunduliwaje, na mmefanya nini tangu hapo. Mpigieni aliyeipokea mkamwombe aifute kwenye mazungumzo, kwenye folda ya nyaraka na kwenye nakala yake ya akiba, kisha athibitishe kwa maandishi. Mama mwenyewe aambiwe na mtu mwenye cheo, ana kwa ana au kwa simu, kabla ya kupata barua. Na usomeni mkataba wa bima, kwa sababu mingi huwa na kifungu chake cha kutoa taarifa chenye muda mfupi kuliko wa sheria. Kama ripoti ile ilihusu VVU, ujauzito, saratani au jambo lolote linaloweza kumvunjia mtu ndoa au kazi, msiandike chochote kwa Kamishna kabla ya kuonana na wakili, lakini muoneni leo au kesho.

Sasa turudi kwenye maswali yako.

Ni kweli WhatsApp imesimbwa kutoka mwisho hadi mwisho, na imekuwa hivyo kwa mazungumzo yote tangu 2016. Maana yake ni kwamba ujumbe ukiwa njiani hakuna anayeusoma, si kampuni ya simu, si mwenye Wi-Fi, wala WhatsApp wenyewe. Hilo ni jambo kubwa na sitaki ulidharau. Lakini usimbaji huo unailinda barabara, hauzilindi nyumba mbili zilizo kwenye ncha zake, na ripoti za wagonjwa karibu zote huvujia nyumbani.

Fuata ripoti moja ya altrasaundi uone. Inaandikwa kwenye kompyuta ya chumba cha uchunguzi na kuhifadhiwa hapo. Inahamishwa kwa flashi hadi mapokezi: nakala ya pili kwenye flashi, ya tatu kwenye kompyuta ya mapokezi. Inapandishwa kupitia WhatsApp ya kompyuta, ambayo imeunganishwa na simu ya mhudumu, basi na simu yake ina nakala. Simu hiyo usiku inapeleka nakala ya akiba kwenye akaunti yake binafsi ya Google, na akiba hiyo haisimbwi kwa ufunguo wa mwenyewe mpaka aingie kwenye mipangilio na kuuwasha. Upande wa pili daktari ana yake, ana akiba yake, na kama ripoti ilitumwa kama picha, huenda imejihifadhi kwenye albamu ya simu pamoja na picha za harusi, ikapanda na wingu lake. Nakala saba kwa hesabu ya haraka, na kituo chako kinaweza kuzifuta tatu tu. Ukigundua kosa, kitufe cha kufuta kwa wote hufanya kazi kwa takriban siku mbili na nusu, na hata hapo hakigusi kilichokwisha kuhifadhiwa au kupelekwa kwingine. Mhudumu akiacha kazi, anaondoka na matokeo ya wagonjwa wa miaka miwili mfukoni, wala hakuna ubaya aliokusudia.

Ndiyo maana ukipima mfumo wowote, WhatsApp au wa muuzaji, uliza kwanza: baada ya faili kufika, zimebaki nakala ngapi, ziko kwa nani, na je, ninaweza kuifunga tena iliyo kwa mpokeaji? Neno "imesimbwa" halijibu hata moja kati ya hayo.

Gmail ya bure ina tatizo la aina hiyohiyo, tena pana zaidi. Barua husimbwa kati ya seva na seva pale seva zote mbili zinapokubaliana, kisha inalala kwenye sanduku la mtumaji na la mpokeaji kwa miaka. Akaunti ya pamoja ya mapokezi ambayo nywila yake inajulikana na watu watano haiwezi kukuambia nani alituma nini. Anayeipata nywila hiyo leo anapata kila ripoti iliyowahi kutumwa tangu akaunti ifunguliwe. Halafu kuna kule kujaza anwani kwa kukisia: unaandika herufi tatu, kompyuta inaleta jina linalofanana, kidole kinabonyeza. Nadhani ripoti ya yule mama ilikwenda kwa njia kama hii, ila kwenye orodha ya majina ya simu.

Kuhusu nywila ya PDF, hapa lazima niseme wazi kwa sababu vituo vingi vinategemea tarehe ya kuzaliwa kana kwamba ni kufuli. Miaka mia moja ina siku zipatazo 36,500. Anayejaribu kufungua faili aliyonayo mkononi hazuiwi baada ya kukosea mara tatu kama kwenye benki. Programu za kujaribu nywila zinapatikana bure, na kompyuta ya kawaida humaliza tarehe zote hizo kwa dakika chache. Namba nne za mwisho za simu ni mbaya zaidi: ziko 10,000 tu. Na kwa kisa chenu, aliyepokea ripoti kimakosa huenda ni jamaa au jirani anayeijua tarehe ya kuzaliwa bila hata kukisia.

Usimbaji wenyewe hauna kasoro. AES-256, njia ya usimbaji iliyo kwenye PDF za kisasa na kwenye 7-Zip, programu ya bure ya kubana na kufunga faili, ni imara. Udhaifu uko kwenye nywila. Pale mnapolazimika kutuma faili lililofungwa, tumieni maneno matano yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu na programu ya kutunza nywila, tofauti kwa kila faili, na nywila ipite njia nyingine: faili kwa barua pepe, maneno kwa simu ya mdomo. Kutuma faili na nywila kwenye mazungumzo yaleyale ni kazi bure. Mkitumia 7-Zip, chagueni muundo wa 7z na uwasheni usimbaji wa majina ya faili, maana muundo wa zip huacha majina yakisomeka hata kwa asiye na nywila, na zip ya kizamani husimba kwa njia dhaifu msipochagua AES-256 wenyewe. Jina la faili peke yake linaweza kuwa uvujaji: lililoandikwa jina la mgonjwa na neno "VVU" limeshasema yote kabla ya kufunguliwa. Faili liitwe kwa namba ya kipimo, na kichwa cha barua pepe kiwe na namba hiyohiyo, basi.

Linki ya Drive ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi katika yote uliyoyataja. Kama ilitengenezwa kwa mpangilio wa "yeyote mwenye linki", basi yeyote aliyepelekewa, aliyeikuta kwenye historia ya kompyuta ya hospitali, au aliyetupiwa kwenye kundi la WhatsApp la madaktari anaingia bila kujitambulisha, leo na miaka mitatu ijayo. Na kwa kuwa hajitambulishi, hata rejesta ya matumizi haiwezi kukuambia ni nani. Kazi ya kwanza kabla hamjanunua chochote: fungueni Drive hiyo, pitieni kila folda iliyoshirikishwa, na kila yenye mpangilio huo ifungwe. Kisha muifungue upya kwa anwani ya daktari wa Chennai peke yake.

Na kuna jambo la picha zenyewe ambalo wauzaji hawatakueleza. Faili za DICOM, yaani muundo wa kawaida wa picha za kitabibu, zinazotoka kwenye CT hubeba ndani yake jina la mgonjwa, namba yake, tarehe ya kuzaliwa, jina la kituo na saa ya kipimo. Kubadilisha jina la folda hakuondoi hata moja. Altrasaundi ni ngumu zaidi, maana mashine nyingi huchapa jina juu ya picha yenyewe, likawa sehemu ya picha, na programu ya kusafisha taarifa za ndani hupita bila kuliona. Kwa hiyo kuondoa utambulisho ni hatua mbili: kusafisha taarifa za ndani kwa programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha mtu kukagua picha kwa macho na kuziba maandishi. Daktari wa maoni ya pili hahitaji jina. Anahitaji umri, jinsia, historia na swali la kitabibu. Mpeni namba ya kificho badala ya jina, na jedwali la kuunganisha namba na jina libaki Mombasa.

Wapo wanaokwepa ukubwa wa faili kwa kupiga picha skrini ya CT kwa simu. Msifanye hivyo, na sababu si usiri pekee. Kipande kimoja cha CT kina nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti mbili, yaani karibu nusu megabaiti. Skani ya vipande 600 inafika megabaiti 300 hivi, mbali sana na megabaiti 25 za kiambatisho cha Gmail. Ndani ya kila nukta kuna viwango vya kijivu takriban 4,096, ambavyo daktari huvipitia kwa kubadilisha dirisha la mwanga ili aone mapafu, kisha mfupa, kisha damu iliyovuja. Picha ya simu ina viwango 256, imebanwa, na ni ya dirisha moja tu mlilolichagua ninyi. Daktari anasoma kivuli cha kipimo. Kama mnatuma nje kwa maoni ya pili, tumeni skani nzima au msitume.

Kumpelekea daktari aliye India kuna masharti yake ya kisheria pia. Kifungu cha 49 cha sheria ileile kinataka ridhaa ya mgonjwa na uhakika wa ulinzi unaofaa kabla data nyeti haijachakatwa nje ya Kenya. Fomu yenu ya mapokezi iwe na mstari wake tofauti: picha zako zitasomwa na daktari aliyeko India, unakubali au hukubali. Mstari huo usizikwe ndani ya idhini ya jumla ya matibabu. Kanuni za 2021 zinagusa pia suala la kubakiza nakala nchini kwa baadhi ya shughuli, huduma za afya zikiwemo, na hapo wakili ndiye wa kukusomea kanuni na kuzilinganisha na mpangilio wenu halisi.

Tuje kwa muuzaji na HIPAA yake. HIPAA ni sheria ya Marekani ya 1996. Inawabana watoa huduma, bima na wachakataji wa huko pamoja na wanaowafanyia kazi. Kama kituo chako kingekuwa kinaandika ripoti kwa niaba ya hospitali ya Marekani, ingekuhusu. Kwa mgonjwa wa Mombasa na bima ya Nairobi, haikuhusu, na serikali ya Marekani yenyewe haitoi cheti cha kuidhinisha programu kwa HIPAA. Muuzaji anayesema hivyo anaweza kuwa na mfumo mzuri kabisa, ila neno hilo halikuthibitishii. Unachohitaji kutoka kwake ni mkataba wa uchakataji data, yaani wa jinsi anavyoishughulikia data kwa niaba yenu, chini ya sheria ya Kenya. Muulize kwa maandishi: data inakaa kwenye seva za nchi gani? Nani ana ufunguo wa usimbaji, na je, mafundi wake wanaweza kusoma ripoti? Rejesta inaonesha nani alifungua faili lipi na saa ngapi, na inahifadhiwa kwa muda gani? Tukiachana, tunapata vipi data yetu na lini mtaifuta? Na mkivamiwa, mtatujulisha ndani ya muda gani? Sheria inampa mchakataji, yaani muuzaji huyo, saa 48 kukujulisha wewe. Anayekwepa swali la ufunguo au la rejesta, mwambie kwaheri.

Kwa kituo cha watu tisa, maoni yangu ni kwamba hamhitaji mfumo maalumu wa bei ya juu. Mpango wa kulipia wa Google Workspace au Microsoft 365 kwa biashara, uliopangwa vizuri, unatosha, na bei yake huhesabiwa kwa akaunti kwa mwezi. Mnapata mkataba wa uchakataji, msimamizi mmoja anayeona na kufunga kila kitu, folda zinazomilikiwa na kituo badala ya mfanyakazi, linki za mtu maalumu zenye tarehe ya kuisha, na rejesta. Hakikisheni tu kwamba mpango mnaoununua una hayo yote, kwa maana ule wa chini kabisa mara nyingi hukosa folda za pamoja au ukomo wa linki. Kuuliza kabla ya kulipa ni dakika kumi.

Njia nyingine ni seva yenu wenyewe yenye programu ya kushirikiana faili kama Nextcloud. Haina ada ya leseni na data inabaki ndani ya jengo, jambo linalovutia. Lakini mtu lazima aisasishe kila toleo jipya la usalama linapotoka, aangalie nakala za akiba, na aamke umeme unapokatika. Kama hakuna fundi anayelipwa kwa kazi hiyo kwa jina, seva hiyo ndani ya mwaka mmoja itakuwa hatari kuliko Drive mliyo nayo. Sipendekezi.

Mfumo wa muuzaji una maana pale mnapokuwa na madaktari wanaowatuma wagonjwa kwa mamia, mnataka picha zifunguke kwenye kivinjari bila kupakuliwa, na mnataka ripoti iingie moja kwa moja kwenye faili la mgonjwa. Hamjafika huko.

Chochote mtakachochagua, kipangwe hivi. Kila mfanyakazi na akaunti yake, hakuna ya pamoja. Uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtu, kwa programu ya kutoa namba au ufunguo wa kuchomeka. Namba inayokuja kwa SMS ni dhaifu kwetu hapa kwa sababu ya wizi wa kuhamisha laini ya simu (SIM swap). Wasimamizi wawe wawili, ili mmoja akiugua kituo kisifungiwe nje. Kila mshirika, yaani kila bima, kila kliniki, daktari wa Chennai, awe na folda yake, iliyofunguliwa kwa anwani zilizothibitishwa kwa simu, na asione folda ya mwingine. Faili zinazotoka zijifunge baada ya siku 14. Ripoti ya kudumu ikae kwenye mfumo wa kituo, na folda ya kutumia isigeuke ghala. Mwaka 2023 wahalifu walipata tundu katika MOVEit, programu ya kuhamisha faili iliyokuwa ikitumiwa na mashirika mengi makubwa duniani, wakachukua faili walizozikuta humo; faili la zamani lililoachwa humo baada ya kupokelewa huibwa pamoja na jipya.

Kosa la mpokeaji halizuiwi na teknolojia peke yake. Anayetuma alinganishe vitu viwili, jina kamili na namba ya kipimo, na kwa jina linalofanana na la mwingine kwenye rejesta ya wagonjwa aongeze cha tatu, namba ya simu iliyoandikwa siku ya kipimo. Zimeni kujaza anwani kwa kukisia kwenye kompyuta za mapokezi. Kwenye Gmail ongezeni muda wa kutengua ujumbe hadi sekunde 30, ambao ndio mwisho wake. Na muhimu kuliko yote, tumeni linki ya mtu maalumu badala ya faili. Linki iliyokwenda pabaya inafungwa kwa kubonyeza mara moja, na hata kabla hujaifunga, aliyeipokea haingii kwa sababu akaunti si yake. Laiti ripoti ya yule mama ingetumwa hivyo, leo mngekuwa na jambo la kuandika kwenye daftari la ndani, basi.

Kompyuta zote zisimbwe diski. BitLocker, programu ya Windows ya kusimba diski, iko kamili kwenye Windows Pro, kwa hiyo angalieni kama za mapokezi si toleo la Home, na funguo za kurejesha zichapishwe na kufungiwa kabatini. Skrini ijifunge baada ya dakika tano. Flashi ziachwe kabisa kati ya vyumba. Waya wa mtandao wa ndani unatosha.

Nakala za akiba ziwe tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja isiyounganishwa na mtandao. Juni 2024 huduma ya taifa ya maabara ya Afrika Kusini, NHLS, ilivamiwa na wahalifu wa kudai fidia, na sehemu za mifumo yake zikafutwa, pamoja na zilizokuwa kwenye seva ya akiba. Maabara ziliendelea kupima sampuli, lakini madaktari hawakuweza kuyaona matokeo kwenye mfumo, na ya dharura yakawa yanasomwa kwa simu. Akiba iliyounganishwa muda wote inafutwa pamoja na chanzo. Na kila robo mwaka jaribuni kurejesha skani moja nzima kutoka kwenye akiba, muifungue, muione. Akiba ambayo haijawahi kurejeshwa hamjui kama ipo.

Nimewaacha wagonjwa mwisho kwa sababu hapo sheria na ubinadamu vinakutana. Mgonjwa ana haki ya kupata taarifa zake, na wengi wataomba WhatsApp kwa sababu ndiyo waliyo nayo. Msiwakatalie kwa kisingizio cha usalama halafu wakasafiri kutoka Kwale kufuata karatasi. Mwelezeni kwa sentensi mbili hatari zake, muulizeni simu hiyo inashikwa na nani mwingine nyumbani, aweke sahihi, na itumwe kutoka simu ya kituo yenye nakala ya akiba iliyosimbwa na ujumbe unaojifuta, kamwe isitoke simu ya mhudumu. Swali la nani anashika simu lina uzito kuliko mengi tuliyozungumza hapa. Simu moja huweza kutumiwa na mke, mume na kijana wa darasa la nane. Kwa hiyo SMS ya kujulisha iseme tu kwamba majibu yako tayari, bila jina la kipimo wala idara. Matokeo ya VVU yasitumwe kwa njia yoyote ya maandishi: sheria ya Kenya ya 2006 inayohusu VVU inataka ushauri nasaha baada ya kipimo, na inakataza kumfichulia mwingine bila idhini ya maandishi isipokuwa katika hali chache. Vivyo hivyo kwa ujauzito wa msichana mdogo na kwa saratani mpya; hayo yasemwe uso kwa uso.

Angalieni pia kama kituo kimesajiliwa na Ofisi ya Kamishna. Biashara ndogo zenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka husamehewa usajili, na huenda mtu amekwambia hivyo. Msamaha huo hauwahusu watoa huduma za afya. Cheti hudumu miezi 24, na bima yenu itakiulizia mapema kuliko mfumo.

Kuna sehemu moja ya kazi hii ambayo siwezi kukuelekeza kwa maandishi, nayo ni mtandao wa mashine ya CT. Vituo vingi vilivyonunua mashine na seva ya picha vilifunguliwa na fundi tundu kwenye ruta ili daktari wa radiolojia asome kutoka nyumbani. Lugha ya DICOM, ambayo mashine hizo hutumia kupeana picha, ilibuniwa kwa mtandao wa ndani wa hospitali: bila kuongezewa usimbaji hupita wazi, na mashine hutambuana kwa jina fupi tu ambalo yeyote anaweza kulitaja. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Ujerumani, Greenbone, ilichunguza seva za aina hii zilizo wazi kwenye intaneti na kukuta taarifa za wagonjwa zaidi ya milioni 24 zikisomeka bila nywila, katika nchi nyingi. Mwiteni fundi wa mitandao asiye yule aliyewauzia mashine. Mwambieni aangalie kutoka nje ya kituo, kwa laini ya simu, kama milango ya mtandao (ports) namba 104, 4242, 8042 na 11112 inajibu. Ikijibu yoyote, ifungwe siku hiyohiyo na daktari wa radiolojia apewe VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye mtandao wa kituo. Na kama atakuta dalili kwamba mtu ameshaingia, kompyuta ichomolewe waya wa mtandao lakini isizimwe wala kusafishwa, mpaka mtaalamu wa uchunguzi aione, na muwasiliane na KE-CIRT, kituo cha kitaifa kinachoshughulikia uvamizi wa mitandao, kabla ya kujaribu kutengeneza chochote.